Sauti ya Prodromos na Vidudu vya Chuma

Mume wangu Prodromos huimba akinyoa ndevu. Huimba akivaa viatu, huimba akikaanga mayai, huimba akitafuta miwani ambayo ameivaa. Na si nyimbo za mapenzi, hizo ningezivumilia. Ni zaburi na sifa za watakatifu, kwa sauti nzito ya kanisani inayotikisa glasi kabatini. Alikuwa fundi umeme kwenye machimbo ya makaa ya mawe hapa Ptolemaida, kaskazini mwa Ugiriki, mpaka alipostaafu, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia yeye ni mwimbaji wa kwaya ya upande wa kushoto katika kanisa la mtaa wetu. Umeme, anasema, ulikuwa wa kumlisha tu.

"Prodromos, punguza, watu wamelala," humwambia kila asubuhi.

"Waamke," hunijibu. "Kulala watalala wakifa."

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliipigania sauti hiyo kwa kuwa ilinipendeza. Ilikuwa ikinitia wazimu.

Jambo la pili la kujua juu yake ni mama yake. Kyra Simela, yaani Bibi Simela kama tunavyosema hapa, aliishi ghorofa ya chini ya nyumba yetu, umri wake unakaribia tisini, na Prodromos hajapata kumwambia hapana hata siku moja. Nikishampa chakula cha mchana, alishuka chini kwenda kula cha mama. Fulana za sufu alizomfumia alizivaa hadi mwezi wa Agosti, akawashwa, akajikuna mpaka ngozi ikawa nyekundu, na akiulizwa alisema ziko sawa kabisa. Mwanamume mzima mwenye mvi! Nilisema mpaka nikachoka.

Basi Jumapili moja ya Kwaresima, katikati ya ibada, alinyamaza ghafla. Akameza mate, akaanza upya, na badala ya kusema "Bwana, utuhurumie," akasema, "Kijiko, utuhurumie." Wanaume waliosimama nyuma wakacheka, wakidhani ni usingizi. Akarudia, kikawa kijiko tena. Mimi nilikuwa nikimtazama usoni, na sikucheka.

Hospitali ya Thessaloniki walimpiga picha za kichwa. Daktari aliyetupokea ni mwanamke mwembamba, Daktari Melpomeni, mwenye kusema polepole na kukutazama machoni mpaka ahakikishe umeelewa. Alituonyesha uvimbe wenye ukubwa wa zeituni, upande wa kushoto wa ubongo, mahali hasa ambapo maneno hutengenezwa.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni kisu. Nikikata, nitautoa wote, na ninaamini utaishi. Lakini nitapita katikati ya maneno yako. Utamsikia mkeo na kumwelewa, ila kumjibu huenda usiweze tena."

Prodromos akanigeukia. "Huyu atafurahi."

"Njia ya pili bado iko kwenye majaribio," daktari akaendelea, bila kucheka. Akaeleza. Wanatengeneza roboti ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho, ndogo kuliko chembe ya damu, kila moja kama skrubu yenye chuma kidogo ndani na dawa juu yake. Wanaziingiza kwa maelfu kwenye mshipa wa shingo. Kitanda kimezungukwa na sumaku, na sumaku ikizungushwa roboti nazo huzunguka na kuogelea, zikaelekezwa kona kwa kona mpaka kwenye uvimbe. Zikifika zinapashwa moto kidogo, zinaiachia dawa papo hapo, na sehemu nyingine ya mwili haijui lolote.

"Hakuna kukata?" Prodromos aliuliza. Macho yalikuwa yamemng'aa kama mtoto aliyeonyeshwa baiskeli.

"Hakuna kukata. Lakini sikilizeni na ubaya wake. Zinaweza kupotea njia. Zinaweza kurundikana kwenye mshipa mwembamba na kuuziba, na hapo utapooza au utakufa. Mwili unaweza kuzikataa. Wachache niliowatibu hivi walipona vizuri. Mmoja hakupona."

Mimi nilitaka kisu. Nilisema pale pale, na nikasema tena kwenye gari njia nzima. Mume bubu mezani kwangu ni mume. Mwimbaji aliyekufa, aliye kwenye picha ukutani, na taa ya mafuta mbele yake, wa nini?

"Evlambia, nisipoimba mimi ni nani?"

"Ni mtu anayeosha vyombo."

"Unaona? Hata wewe hunijui."

Ukibishana na mtu wa namna hiyo utaachwa na nini zaidi ya shinikizo la damu? Alitia sahihi karatasi za roboti.

Kule mkahawani habari zilifika kabla yetu. Savvas, dereva wa basi mstaafu ambaye hujua kila jambo, alimwambia Prodromos kwamba vidudu hivyo vitakaa kichwani na kusikiliza mawazo yake na kuyapeleka serikalini.

"Watasikia nini humo?" Prodromos akamjibu. "Zaburi na kelele za mke wangu."

"Cheka tu. Na mtu mwingine akiishika hiyo sumaku? Akutembeze barabarani kama punda?"

Meza nzima ikaangua kicheko, lakini mimi swali hilo halikunitoka, nikampigia daktari simu. Hakunidharau. Alisema ndiyo, kitu kinachoweza kubeba dawa kinaweza kubeba sumu, na ndiyo maana chumba chake hufungwa na kila anayeingia anajulikana. Nikamshukuru. Sikulala vizuri zaidi, lakini angalau mtu mmoja alikuwa amenijibu kama mtu mzima.

Sharti kubwa lilikuwa moja: chuma chochote kisiingie chumba kile. Pete, saa, msalaba, jino la bandia, kishikizo cha suruali. Roboti hufuata sumaku, na kipande cha chuma karibu na kichwa huvuruga njia yote. Nesi alituambia, akatupa karatasi, akatuambia tena. Mimi nilimtangazia mama mkwe kwa sauti ya kumfikia hata akiwa hana kifaa chake sikioni.

"Nimekusikia, mkamwana," alisema Kyra Simela. "Mimi si kiziwi."

Siku ilipofika alisisitiza kuja nasi Thessaloniki, na nani angemzuia? Alikuja na pai ya mboga ya kutosha wodi nzima, na mto wa kulalia wa Prodromos, ule wa sufu aliomshonea mwenyewe. Prodromos ana shingo mbovu tangu alipoanguka ngazini kazini. Bila mto huo hatulii hata kidogo, na pale kutulia ndiko kulikotakiwa. Nesi akaubonyeza mto juu juu, akauliza daktari, daktari akasema sufu haina chuma, wacha aende nao.

Mimi nilikaa nyuma ya kioo. Kwenye skrini niliona roboti zikiingia, vumbi jeusi linalotembea, na nakiri nilisahau kuogopa. Zilipanda shingoni zote pamoja, zikakata kona ya kwanza, zikageuka pale zilipotakiwa kugeuka. Nilimwona Daktari Melpomeni akitabasamu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mwenda wazimu huyu alikuwa sahihi.

Halafu zikasimama. Zilifika usawa wa sikio na hazikwenda mbele. Zikaanza kuzunguka mahali pamoja, kisha zikavutika kuelekea nyuma, zikarundikana, na daktari akawa anazungusha mashine huku na huko.

"Hazinifuati," alisema. "Kuna kitu kinazivuta. Zima! Zima yote!"

Mdomo wa Prodromos ulikuwa umekwenda upande. Mkono wake wa kulia uliteleza ukaning'inia nje ya kitanda. Walimkimbilia, mmoja akiwa na sindano, mwingine akamnyanyua kichwa na kuuvuta ule mto. Nikamwona anaupapasa, anauchana kwa mkasi, sufu inamwagika sakafuni.

Daktari Melpomeni alitoka akiwa ameshika kitu kwenye kiganja. Ilikuwa hirizi ya kanisani, kifuko cha kitambaa chekundu chenye ua kavu lililotoka kanisani siku ya Ijumaa Kuu ndani yake, kama zile ambazo mama zetu wote hutubandika kwenye fulana tangu tukiwa wachanga. Na kama kawaida ilikuwa imebandikwa kwa pini ya kufunga, ile ya nepi, ya chuma, imara.

"Nani?" aliuliza.

Nikatazama ukumbini. Akayafuata macho yangu. Kyra Simela alikuwa amesinzia kwenye kiti cha ukumbini, bakuli la pai mapajani.

"Nimeogopa kila kitu katika kazi hii," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya polepole. "Nimeogopa damu igande. Nimeogopa mwili uzikatae. Nimeogopa mtu mbaya aje anishikie sumaku yangu. Pini ya nepi sikuiogopa! Nani angeiogopa pini ya nepi?"

Sindano ilifanya kazi. Mkono ulirudi taratibu, mdomo ukanyooka, na maneno yakaanza kumtoka moja moja, kwa taabu, jasho likimtiririka. Nilimwinamia nisikie. Nilitegemea jina langu, au maji, au hata kijiko.

"Usimwambie," alisema. "Usimwambie mama."

Nilitamani kumpiga. Mtu ana maneno matatu kichwani, na yote matatu anayatumia kwa mama yake.

Daktari alisema anaweza kujaribu mara moja tu nyingine, damu ikishasafishwa roboti zilizobaki. Baada ya hapo ni kisu, na kisu cha kuchelewa. Tukarudi nyumbani, nami nikafunga mdomo kama nilivyoombwa.

Sasa sikiliza niliyoyavumilia. Kyra Simela aliambiwa tu kwamba kazi haikukamilika, nayo mengine akayajaza mwenyewe. Vidudu vya chuma vilitaka kumla mwanawe ubongo, akawaambia majirani, na hirizi yake ikavizuia mlangoni! Wanawake wakaja kumbusu. Mwingine akaleta keki. Mke wa Savvas akaomba amshonee mjukuu wake hirizi kama ile, kwa mtihani wa kuendesha gari. Nilikuwa nikiwapikia kahawa wageni hao, nikiwawekea sukari, nikitabasamu mpaka taya zinauma. Prodromos naye akikaa pale, anaitikia kwa kichwa, mtakatifu wa watu!

Ningeendelea kuvumilia. Lakini siku chache kabla ya kurudi hospitali nilishuka chini kuchukua sufuria yangu, nikamkuta jikoni anashona.

"Njoo, mkamwana, nitungie uzi, macho yamekataa."

"Unashona nini, mama?"

"Nyingine. Ile moja haikutosha, ndiyo maana aliumia mkono. Hii nimeweka ua na kipande cha mshumaa, na nitaibandika kwa pini mbili."

"Utaibandika wapi?"

"Hilo wewe usijali. Mama anajua pa kuweka."

Maji yalinifika shingoni. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamwambia. Sikupiga kelele, ingawa nilikuwa na haki ya kupiga kelele. Nilimwambia hirizi yake haikuzuia vidudu vibaya, ilivuta vile vizuri nje ya njia yao. Nilimwambia juu ya mdomo uliokwenda upande. Nilimwambia kwamba akiweka pini nyingine atamzika.

Alibaki na sindano mkononi. "Pini ile," alisema baadaye, "ndiyo niliyofungia nepi zake."

"Najua, mama."

"Prodromos anajua kuwa ni mimi?"

"Anajua."

"Na hakuniambia kitu. Ameniacha nijisifu kwa watu."

Hakulia. Alikusanya pini zote za nyumba ile, hadi za kwenye mapazia, akazitia kwenye kopo na kunikabidhi. Kisha akampigia simu binti yake Parthena, anayeishi Veria, aje kumchukua. Siku ya kuondoka Prodromos alimfuata hadi kwenye gari amkumbatie, naye akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Usinisogelee, ndege wangu," alisema. "Mikono hii ina mkosi."

Mara ya pili roboti zilikwenda zilikotumwa. Niliziona tena nyuma ya kioo, kona kwa kona, mpaka zikaufunika uvimbe ule. Picha za baadaye zilionyesha zeituni limekuwa punje ya dengu, nayo haikui. Sauti ilibaki nzima. Mkono mzima, maneno mazima, "Bwana" ni Bwana na kijiko ni kijiko. Jumapili aliporudi kanisani watu walilia, na padri alishindwa kuendelea akasimama tu akisikiliza.

Nami hanisemeshi.

Tangu mama yake alipopanda gari lile, Prodromos hajanielekezea neno. Anasema na paka. "Paka, chumvi imeisha." Anasema na redio, anasema na mlango wa jokofu, na akinyoa ndevu anaimba kuliko zamani, kwa makusudi, ili nisikie ninachonyimwa. Mtaa mzima uliniombea nirudishiwe mume mwenye kusema. Nimerudishiwa anayesema na paka! Na mama yake huko Veria, Parthena ananiambia, hataki kuletwa kwenye simu. Na nani mkosaji wa haya yote? Mimi, eti. Mimi niliyemwambia bibi kizee ukweli ili mwanawe asife.

Tulirudi kwa Daktari Melpomeni kwa uchunguzi. Alimfanya ataje vitu kwenye picha, ahesabu kurudi nyuma, arudie majina magumu. Vyote alivifanya kama mchezo.

"Vizuri. Sasa nataka nisikie sentensi ndefu, zinazotoka zenyewe," daktari alisema. "Nisimulie jambo lolote lililotokea. Usichague maneno."

Prodromos alitazama viatu vyake. Nilidhani ataimba.

"Ile siku ya kwanza," alianza, "nilipolala, nilisikia kitu kigumu chini ya sikio. Nikageuza kichwa kidogo, nikakisikia vizuri. Nikajua ni hirizi ya mama na nikajua ina pini."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ulijua?"

"Mimi ni fundi umeme. Maisha yangu yote nimeshika sumaku na nyaya. Nilijua."

"Nesi alikuuliza ukiwa umelala pale pale! Alikuuliza kama una chuma chochote!"

"Aliniuliza. Na mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Kama ningeitoa, angeona naitoa. Nikajiambia, pini ndogo hivyo itafanya nini. Halafu ikafanya. Na Evlambia akaenda akamwambia mama kuwa ni kosa lake, na mama akakubali, na sasa hanigusi. Kila nikimtazama mke wangu naona nitakalolazimika kusema, kwa hiyo simsemeshi."

Daktari Melpomeni alinitazama, akamtazama yeye, akaandika kitu.

"Sauti iko sawa kabisa," alisema. "Hakuna kasoro."

"Kasoro haiko kwenye sauti, daktari," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu.

Niliendesha mimi. Sikusema naye njia nzima, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekubaliana jambo. Nilikuwa na hasira ya kuvunja usukani. Nilikuwa nimeamka usiku mara ngapi kujiuliza kama nilikuwa katili kwa bibi wa watu, naye amelala ubavuni kwangu anajua! Tulipofika njia panda ya Veria nikakata kona. Akaona, akashika mkanda wa kiti. Nikasimamisha gari mbele ya nyumba ya Parthena. Kyra Simela alikuwa kwenye kibaraza anachambua maharage, akainua kichwa, akatuona, akaificha mikono chini ya aproni.

"Tangulia wewe," Prodromos aliniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mama yake alipoondoka majira ya kuchipua. "Mtayarishe kidogo, Evlambia. Wewe unajua kusema naye."

Nikazima injini.

"Sauti unayo," nikamwambia. "Imetutoa roho sote mpaka ukabaki nayo. Shuka."

Alikaa kidogo, kisha akashuka. Nikateremsha kioo cha dirisha nihakikishe anasema.